Udevu Mmoja Mweupe

Baba yangu alikuwaga anakagua oringi kwa mdomo. Aliichomoa ile pete ya mpira inayozuia maji kwenye mfereji wake, akaifuta, kisha akaipitisha taratibu kwenye mdomo wa chini, mzunguko mzima, macho ameyafumba. Wateja wapya walikuwa wanatazamana. Mie niliyekulia kwenye chumba kile nilijua anatafuta nini: mkato mdogo, chembe ya mchanga, sehemu iliyokauka, vitu ambavyo vidole vyake vilivyokomaa kwa kazi vilikuwa havivisikii tena lakini mdomo ulivisikia. Akishindwa kuamua aligeuza upande wa pili, akarudia. Halafu alisema hii nzima, au hii imekufa, na ndiyo ikawa hivyo.

Tunakaa Tabata, nyumba ambayo chumba chake cha mbele kina dirisha la mbao linalofunguka barabarani. Bango la nje liliandikwa FUNDI SAA. Baba alikuja mjini kutoka kusini akiwa kijana, akajifunza saa Kariakoo kwa mzee mmoja wa Kiarabu aliyekuwa na duka lake, na kwa miaka mingi hiyo ndiyo kazi iliyotulisha na kutuvisha. Kisha simu zikaja, watu wakaacha kuvaa saa, meza ikaanza kushika vumbi. Kilichomwokoa ni saa za wazamiaji. Mzamiaji mmoja alileta saa inayoingiza ukungu, baba akaiponya, yule bwana akarudi na kasha la kamera, lile kasha gumu la plastiki ambalo kamera inavalishwa ili ishuke baharini bila kulowa. Baba hakuwahi kukiona kitu kile maishani mwake. Akaligeuzageuza, akasema hii ni saa kubwa tu. Tangu hapo wakawa wanakuja wenyewe, wapiga picha za samaki, watafiti, vijana wa video, wengine wanashuka uwanja wa ndege na kupitiliza Kipawa na mabegi yao hadi dirishani kwetu.

Alikuwa na utaratibu, na ole wako uuguse. Mtu anaingia anahema, kasha limeingiza maji, ameshaamini limepasuka. Baba anamwambia akae kwanza. Mara nyingi hakuna kilichopasuka. Ni unywele, ni punje ya mchanga, ni chumvi iliyogandamana chini ya kitufe, au mtu kaipaka oringi mafuta ya mgando ya kujipaka mwilini, anadhani anailainisha, nayo ikavimba kama andazi. Baba alisafisha mfereji kwa kijiti alichokizungushia kitambaa kisichotoa nyuzi; pamba aliipiga marufuku mezani pake. Grisi aliipaka kidogo mno, mpaka unajiuliza kama kapaka kweli. Kisha alilifunga kasha likiwa tupu, karatasi ya tishu ndani, akalizamisha kwenye pipa la maji uani na jiwe juu yake kwa saa nzima. Tishu ikitoka kavu, limepona. Ikitoka na doa, hata la kichwa cha sindano, anaanza moja.

Kwa wale waliotaka kukabidhiwa kila kitu kikiwa tayari, kulikuwa na hatua ya pili. Aliweka kamera yenyewe ndani, akasema bismillahi, akafunga, akalitumbukiza tena pipani akiwa amelishika kwa mikono miwili, anaangalia kama povu litatoka. Muda hakuupima kwa saa, fundi saa mzima. Aliisoma Yasini yote, kwa sauti ya chini, na akifika mwisho bila kuona povu alilitoa, akalikausha kwa taulo na kuliweka kabatini. Kuanzia hapo halifunguliwi mpaka litoke baharini. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake kubwa kuliko zote. Alisema ukifungua hata mara moja, hata kwa kuchungulia tu, kazi yote ya nyuma umeifuta, rudi pipani.

Mie nina mdomo, sikatai, na nina haraka. Nilirudi kwetu ndoa ilipovunjika, mama alikuwa ameshafariki, na baba hakuniuliza hata swali moja. Alinisogezea kigoda upande wa pili wa meza. Nilijifunza nusunusu, kama mtu anayejifunza kupika kwa kukaa jikoni bila kushika mwiko. Nilikuwa napokea wateja, nabishana na wanaochelewa kuchukua vitu vyao, nafuta kabati. Ile kazi yenyewe ilikuwa ya baba.

Macho yalianza kumsumbua muda mfupi baada ya mama kuondoka. Hospitali walisema presha ya macho, wakampa dawa ya matone, wakamweleza kwamba kilichopotea hakirudi ila kinachobaki kinaweza kucheleweshwa. Aliisikiliza habari ile kwa utulivu ulionitisha. Alichofanya ni kuisogeza meza karibu zaidi na dirisha na kubadili ratiba: kazi zote za kuangalia zikawa kati ya saa tatu na saa sita mchana, mwanga ukiwa mzuri, na baada ya hapo alifanya za kupapasa. Kazi ndiyo iliyokuwa inamtoa kitandani. Nilimwona siku ambazo hakuna kitu mezani, anavyokaa ukingoni mwa kitanda hadi saa tano, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Nilijua kabisa kwamba akiiacha ile meza, ndiyo basi tena.

Sasa siku moja alimaliza kasha la mpiga picha mmoja, akalipitisha pipani, akaliweka kabatini, akaenda msikitini kuswali alasiri. Nilikuwa nafuta rafu. Kifuniko cha lile kasha kilikuwa cha plastiki inayoonyesha ndani, oringi unaiona imelala pale chini yake, nyeusi. Na juu ya weusi ule niliona udevu. Mweupe, mfupi, umelala kwa kuvuka pete upande mmoja hadi mwingine.

Moyo ulinilipuka paa! Nilifikiria kamera ya watu inavyokwenda kufa, na jina la baba nalo. Nilifunga mlango wa mbele, nikafungua kasha, nikautoa ule udevu kwa ncha ya ukucha, nikafunga tena na kulirudisha kama lilivyokuwa. Baba alirudi, akapapasa kabati, akakaa. Sikumwambia. Ningemwambiaje? Nilijiona namsitiri.

Tangu siku hiyo sikuliacha kasha hata moja. Adhana ya alasiri ikitoka, anachukua kofia yake na fimbo, mie nasimama dirishani mpaka apinde kona ya duka la vifaa vya umeme, kisha nafunga mlango. Nilifungua kila alichokifunga, nikamulika mfereji kwa tochi ya simu, nikafunga. Pipani sikurudisha. Nikirudisha taulo litalowa, sakafu italowa, na baba kwa mikono yake ile angejua mara moja kwamba kuna mtu kapita. Na nikiri hapa bila kupaka rangi, sikuona hata haja ya pipa. Nilijiambia mie nina macho mazima, macho yanatosha. Niliendelea hivyo karibu mwaka, kila siku aliyokwenda msikitini akiniachia kazi iliyokamilika, na nikajizoesha kuiita huruma.

Kulikuwa na dada mmoja mtafiti wa matumbawe, anakaa Kinyerezi. Alikuwa mteja wetu wa muda mrefu na baba alimpenda kama mtoto wake. Yeye na wenzake walikuwa wanakwenda visiwani kwa siku kadhaa, wanapiga picha matumbawe yaleyale kila msimu ili waone yanavyopauka. Kwenye boti kuna mchanga na maji yanarukaruka, kwa hiyo hakutaka kufunga kasha huko. Alimletea baba kasha na kamera, baba akamfungia, na yeye alilishusha baharini kama lilivyotoka Tabata. Aliniambia mara moja kwamba akifunga mzee, yeye analala usingizi.

Safari ile ya mwisho alilichukua asubuhi ya Jumamosi. Baba alikuwa amelifunga Ijumaa. Nami Ijumaa hiyohiyo, alasiri, nililifungua kama kawaida yangu.

Alirudi Jumatano. Niliposikia anavyobisha hodi, polepole, nikajua. Alimwamkia baba shikamoo, baba akaitika marahaba mwanangu kwa furaha kabisa, kisha dada akaliweka kasha mezani na kusema limeingiza maji. Kidogo tu, kama kijiko cha chai, ila ni kwenye kuzama kwa kwanza, na kamera ikazimika hapohapo. Kule walikofikia watu walimshauri aifukie kwenye mchele, akaifukia siku mbili. Baba hakumgombeza. Alimweleza tu kwamba chumvi haitoki kwa mchele, ilitakiwa kuisuuza kwa maji baridi ya bomba papo hapo, na kwamba hata hivyo pengine isingepona. Dada hakulalamika hata kidogo. Alikaa na mikono mapajani, na mie ningependa angepiga kelele.

Ilikuwa saa nne na kitu, jua liko dirishani. Baba alilivuta kasha kwake, akalinusa, akafungua klipu moja baada ya nyingine. Aliiacha oringi mahali pake. Kwa kasha la yule dada hakutaka kuamini macho yake peke yake, akanisogezea kabla hajaliinamia.

"Niangalizie, mama," akaniambia. "Kuna nini kwenye mfereji?"

Niliinama. Haikuhitaji tochi. Kulikuwa na uzi umebanwa chini ya oringi, nusu ndani nusu nje, na maji yalikuwa yameufuata kuingia. Uzi wa kijani. Ulikuwa wa mtandio wangu, ule wenye matamvua yaliyoanza kufumuka, niliokuwa nimejitanda Ijumaa ile nikiinamia kasha. Nilikuwa nimeuvaa hata wakati huo, uko mabegani mwangu, baba hautazami na dada hana habari nao.

Baba alikuwa anasubiri.

"Udevu," nikasema.

"Mweupe?"

"Mweupe, baba."

Alipeleka mkono kidevuni, akazishika ndevu zake. Kisha akamgeukia yule dada na kumwambia, "Nisamehe mwanangu. Hii ni kazi yangu mie mwenyewe. Macho yameniishia na nilikuwa sitaki kukubali."

Yule dada alilia. Alimwambia baba kwamba mambo haya hutokea, kwamba hata watu wakubwa huko duniani yanawakuta, akakusanya vitu vyake na kuondoka. Kamera haikupona, na msimu wao wa kupiga picha ukawapita. Mie nilikuwa nimeubana ule uzi katikati ya vidole viwili. Niliutupa chooni, na mtandio niliuchoma kwenye jiko la mkaa uani wakati baba amelala mchana.

Watu wakinisikia wataniuliza kwa nini. Niliogopa, hilo la kwanza. Niliona aibu mbele ya yule dada, hilo la pili. Lakini kuna la tatu ambalo sijawahi kumwambia mtu. Nilikuwa nimechoka. Nimechoka kusimama dirishani, nimechoka kumchunga mtu mzima kama mtoto, na pale baba aliponiuliza kama ni mweupe, kuna kitu ndani yangu kilisema basi na iishe. Macho yanakwenda kufa hata hivyo, nikajiambia, kuna tofauti gani, mwaka huu au mwakani. Nilimwacha aende na kosa langu kwa sababu lilinipunguzia kazi.

Siku tatu baadaye baba aliaga anakwenda kwa kinyozi. Nilidhani anakwenda kupunguza nywele. Jamani, alirudi kanyoa ndevu zote. Tangu nimjue baba yangu sijawahi kumwona kidevu. Kilikuwa kidogo, cheupe kuliko uso, kina alama ya kovu ambayo sikujua kama anayo. Wazee wenzake wa msikitini walikuwa wameshamhoji njiani, na yeye aliwajibu sijui nini. Aliingia moja kwa moja mezani, akakaa, akapangusa mbao kwa kiganja.

"Sasa hakuna cha kuanguka," akasema. "Nipe lile kasha la yule kijana wa video nijaribu. Ukitaka kaa hapa uniangalie."

Kulikuwa na kasha kabatini linasubiri, kweli. Ningeweza kumpa. Angelifungua mbele yangu, angelisafisha, angelipeleka pipani, na lingetoka kavu, na kabla ya alasiri tungejua wote wawili. Nadhani ndicho nilichokiogopa.

"Baba, pumzika," nikamwambia. "Umefanya kazi ya kutosha."

Hakubishana. Alikaa pale kidogo, mikono juu ya meza tupu, halafu akasema haya mama, akasimama. Wiki iliyofuata aliniagiza niliteremshe bango. Nilimwomba fundi wa jirani aje na ngazi, na baba alisimama barabarani akisikiliza misumari inavyong'olewa.

Makasha yaliendelea kuja, nikawa nayafanya mie. Niliwapokea watu kwa kusema mzee amestaafu. Baba alihamia kwenye kiti cha plastiki kati ya meza na mlango wa ndani, mahali ambapo jua halifiki, na watu wakimsalimia aliitika kwa heshima na kunyamaza. Ndevu ziliota tena. Dawa ya matone nilimwekea asubuhi na jioni, sikukosa hata siku moja, nikidhani ninalipa kitu. Macho yalikwenda hivyohivyo, ila hayakwenda haraka. Hilo ndilo lililokuwa linaniua. Mwezi hadi mwezi nilimwona bado anatofautisha shilingi na kifungo, bado anaona sindano ikianguka, anaokota, ananipa. Ilichukua karibu mwaka na nusu ndipo giza likamfunika kabisa.

Mwaka huu, wiki mbili kabla ya mfungo, nilikuwa na kasha gumu. Mara tatu nimelitoa pipani, mara tatu tishu ina doa. Niligonga meza, nikatukana, ndiyo tabia yangu. Baba akasema kutoka kwenye kiti chake kwamba nitulie, nisifanye kazi na hasira, maana kosa moja tu linatosha. Akaniambia nimwangalie yeye. Miaka arobaini na kitu mezani, na watu watamkumbuka kwa kamera ya binti wa watu aliyoiua kwa ndevu zake.

Nilishindwa. Nilikaa sakafuni karibu na miguu yake nikamwambia yote. Nilimwambia udevu wa kwanza, mlango niliokuwa naufunga, tochi ya simu, Ijumaa, uzi wa kijani, mtandio nilioufanya majivu. Nilimwambia kwenye kasha la yule dada hakukuwa na udevu. Sikumtazama usoni nikisema, ingawa asingeniona.

Nilitegemea atanifukuza, au atalia. Hakufanya hayo. Mteja mmoja alipiga hodi dirishani na kwenda zake. Kisha alianza kuniuliza, kwa sauti ya fundi anayemhoji mteja kuhusu kifaa.

Aliuliza nilifungua mangapi. Nikasema yote ya mwaka ule, ukitoa machache yaliyochukuliwa kabla hajaenda msikitini. Akauliza katika hayo yote nilikuta nini. Nikasema ule udevu wa kwanza tu, baba. Baada ya hapo, hakuna. Yote yalikuwa safi.

"Na huo wa kwanza," akauliza, "lile kasha lilikuwa limeshapita pipani?"

"Lilikuwa limepita."

"Povu lilitoka?"

"Halikutoka."

Akatikisa kichwa polepole, mara kadhaa, akasema basi lilikuwa zima. Nikaanza kusema nisamehe, akanyanyua mkono kidogo ninyamaze, hakuwa amefika huko bado. Alikuwa ana jambo lake. Alisema siku ile alipotoka kwa kinyozi alikuwa anauona mfereji. Alikuwa anauona vizuri, kwa mwanga wa saa nne, mpaka chini. Akaniuliza ule ulikuwa mwezi gani, nikamtajia. Akaniuliza ni lini nilianza kumshika mkono kumpeleka msikitini, nikamtajia na huo.

Basi baba akaufungua mkono wake wa kushoto juu ya goti, na kwa kidole gumba akaanza kuhesabu, pingili moja baada ya nyingine, miezi ambayo bado alikuwa anaona.